Mkaa Usio na Moshi

Mkata, baada ya magharibi

Mwanangu Dija,

Marahaba.

Hiyo ni ya asubuhi. Uliniamkia pale mlangoni, nikapita na ndoo yangu kama kiziwi, na bibi yako akakwambia, "Mwache mama yako, ana mawazo." Nilikusikia. Sikuitikia kwa sababu niliona haya. Juzi nilikupiga kofi ukiwa unamvuta dada yako kutoka kwenye kifo, halafu leo unasimama mbele yangu na kuniambia shikamoo kwa heshima zote, kama hakuna kilichotokea.

Kesho unapanda basi mpaka Mombo, na kutoka Mombo unapanda mlima kwenda Lushoto kuanza kazi yako ya ualimu. Habari za sufuria, sabuni, nani wa kumsalimia na nani wa kumkwepa, bibi yako ameshakupa zote, na alizozisahau atakupigia kelele ukiwa umekaa dirishani. Mimi nina jambo moja tu. Tangu jana najaribu kulisema, lakini kila nikifungua mdomo zinatoka habari za maharage. Umeniona. Ndiyo maana nimekaa na karatasi.

Jambo lenyewe ni hili: dada yako Rehema na mtoto wake walikuwa wanakufa ndani ya nyumba yangu, kwa mkaa wangu niliouchagua kwa mikono yangu, na mimi nipo nje ya mlango wao nachambua mkaa mwingine. Nimeiandika hiyo sentensi, nikaisoma, na bado siiamini.

Wewe umezaliwa katikati ya magunia, hujawahi kuniuliza kwa nini nauchambua mkaa wakati wenzangu wote pale barabarani wanauza kama ulivyotoka porini. Alinifundisha marehemu baba yako. Alikuwa anachoma mkaa Sindeni tulipooana, na alikuwa na sikio la ajabu. Alichukua vipande viwili, akavigonganisha, akasikiliza. Mkaa ulioiva unalia, una sauti kali kama kigae. Ambao moto haukuumaliza, nje mweusi ndani bado kuni, unatoa sauti ya bubu. Huo tunauita mkaa mbichi, na ndio unaotoa moshi unaomliza mpishi. Baba yako alikuwa anautupa pembeni. Alisema kumuuzia mtu moshi ni kumtukana.

Alipofariki nikaichukua kazi kwa upande wangu. Nanunua gunia la mchoma mkaa, namwaga juu ya turubai, naondoa mawe na mabonge ya udongo wa tanuri, naondoa mizizi, nachekecha vumbi na chenga, halafu nakaa chini nagonganisha kipande kwa kipande mpaka unabaki mkaa mtupu. Naushona kwa kamba ya bluu. Unajua jinsi watu walivyoutafuta huo mkaa. Mama lishe wa Mombo walikuwa wananiagizia kwa makondakta. Na unajua nilivyokuwa najisifu, maana ulikuwa unanicheka. "Mkaa wangu mwashe mkiwa na kanzu nyeupe, kisha mkaswali Ijumaa!" Abiria wanacheka, wananunua.

Na kulikuwa na ile nyingine. "Huu hata chumbani unawasha." Nimeisema miaka mingi sana, Dija. Niliisema kama watu wanavyosema karibu chai.

Sasa jiulize, sisi tulikuwa tunapikia nini? Mfinyanzi hulia gaeni. Uliopikia wewe tangu ulipojifunza kushika mwiko ni ule mbichi nilioutupa pembeni, ule wa moshi. Ndiyo maana jiko letu la kupikia halijawahi kuingia ndani. Nani angelivumilia? Tulipika uani wakati wa jua, na mvua ikinyesha tulipika barazani na mlango wazi, macho mekundu, wewe ukilalamika kwamba binti wa muuza mkaa ananuka moshi kuliko watu wote wa Mkata. Nilikuwa nakwambia nyamaza, shukuru unakula. Kumbe uchafu ule ndio uliokuwa unatutoa nje kila siku. Sikulijua hilo mpaka juzi.

Rehema aliporudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama desturi, bibi yako akachukua usukani. Unamjua. Mzazi akae kwenye joto, akandwe maji ya moto, mlango ufungwe, dirisha lizibwe kwa khanga, upepo usimguse mpaka arobaini iishe. Na mimi sikumbishia, maana ndivyo nilivyolelewa nilipomzaa Rehema, na ndivyo nilivyolelewa nilipokuzaa wewe. Tofauti ilikuwa moja. Enzi zetu chumba cha mzazi kilikuwa cha udongo na makuti, kina matundu kila upande, na jiko lilifuka moshi hadi mtu anaomba mlango ufunguliwe. Nyumba hii nimeijenga kwa tofali, nikaipiga plasta, nikaziba kila upenyo, nikajivunia. Na mkaa nao nikautafuta ulio bora.

Siku ile asubuhi nilimwaga gunia zima kumchagulia binti yangu. Bibi yako aliniuliza, "Unatafuta dhahabu humo?" Nikamjibu mjukuu wangu hatakohoa hata mara moja. Nilichukua vipande vile vinavyolia vizuri kuliko vyote, nikawasha nje, nikapepea mpaka jiko likawa jekundu safi, halafu nikalibeba mwenyewe, nikaliweka karibu na miguu ya kitanda. Nikafunga mlango nyuma yangu. Nilitoka nikiwa na furaha, mwanangu. Hilo ndilo linalonikaba zaidi ya yote. Nilikuwa na furaha.

Baada ya muda Rehema aliniita kwa ile sauti yake ya pole. Nikachungulia mlangoni.

"Mama, kichwa kinaniuma."

"Ndiyo uzazi huo. Vumilia."

"Na moyo unanichafuka."

"Hujanywa uji. Lala kwanza, mtoto akiamka nitakuletea."

Akasema, "Haya, mama." Rehema ukimwambia vumilia anavumilia. Nikarudishia mlango vizuri, nikaweka na kitambaa chini ili upepo usipenye, nikarudi kwenye turubai langu.

Wewe ulikuwa unatafuta begi lako la safari, nalo lilikuwa chumbani kwa Rehema. Bibi yako akakukataza usiingie, akakwambia chumba cha mzazi hakifunguliwi ovyo, begi utapewa jioni. Ukasema, "Bibi, nataka begi langu, simtaki mzazi wako," ukaingia. Nikasikia hodi yako, nikasikia unamwita dada yako mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida. Mara ya pili sauti haikuwa ya kawaida.

Halafu kila kitu kikawa fujo. Mlango ulipigwa ukutani. Khanga ya dirishani ikang'olewa. Ukatoka na jiko mkononi, umelishika hivyo hivyo bila kitambaa, ukalitupa uani, mkaa ukamwagika mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Nilipofika mlangoni ulikuwa unamburuta Rehema sakafuni kwa makwapa, kichwa chake kinaning'inia. Unajua mimi niliona nini? Niliona mlango wazi. Niliona upepo unapuliza pazia na mzazi yuko sakafuni bila kujifunika. Nikapiga kelele, "Funga mlango, unataka kumuua mtoto?" Nikakuchapa kofi la mgongo, kwa nguvu zangu zote.

Hukugeuka. Ulisema, "Mama, utanipiga baadaye. Mchukue mtoto."

Nikamchukua mtoto. Alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Dija, nimezaa, nimezika mume, nimeona mengi, lakini uzito wa mtoto yule mikononi mwangu sijawahi kuubeba. Nilisimama tu uani, sikuita mtu, sikulia. Bibi yako ndiye aliyemnyang'anya, akampepea kwa upande wa khanga yake, akamwita majina ya wazee wote wa kwao kwa Kizigua. Akalia. Yule mtoto akalia, kilio kidogo cha hasira, na ndipo nikakaa chini bila kutazama, kwenye mkaa wa moto uliomwagika. Alama ninayo, usiniulize iko wapi.

Ya kituo cha afya unayajua nusu, maana ulikuwa umekaa nje unafungwa dawa kiganjani. Ngoja nikupe nusu nyingine. Rehema alipowekewa ile hewa ya kumsaidia kupumua, nesi akaniuliza kama kulikuwa na jiko ndani. Nesi mdogo, wa rika lako. Nikajibu kwa ukali. Nikamwambia, "Binti, mimi ni Mama Rehema wa pale barabarani. Mkaa wangu hauna moshi."

Akaniangalia. Wala hakunigombeza. Akasema, "Mama, hapo ndipo pabaya. Ungekuwa na moshi wangekohoa, wangetoka."

Akanieleza kwamba mkaa wowote ukiwaka unatoa hewa ya sumu, uwe msafi, uwe mchafu. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mtu anaumwa kichwa, anachafukwa, anapata usingizi, anadhani ni uchovu. Chumba kikifungwa, haamki. Nikamuuliza, "Kwa hiyo nilichokuwa nachambua ni nini?" Akasema, "Moshi tu, mama. Sumu yenyewe huwezi kuichambua."

Nilirudia maneno hayo njiani kutoka kituoni, kwenye bajaji, dereva akadhani naongea naye. Kazi yangu ya miaka yote, mgongo wangu wote, kucha zangu hizi ambazo hazijawahi kuwa safi hata siku ya Idi, ni kuondoa kile kinachomwonya mtu na kumwachia kinachomuua. Sikukusudia. Najua sikukusudia. Lakini nilipolala jana nilikuwa nasikia mikaa inagongana masikioni, inalia vizuri, nikaamka.

Sasa Rehema yupo sebuleni, madirisha yote wazi, kajifunika mablanketi. Mtoto ananyonya kwa fujo. Bibi yako ananung'unika kwamba upepo utamla mzazi, lakini hajaligusa dirisha. Leo mchana nilimuuliza Rehema kwa nini hakuniambia kwamba anazidiwa. Akasema, "Nilikwambia, mama. Ukasema nivumilie." Hakusema kwa kunilaumu, alisema kama anayenikumbusha nilipoweka ufunguo. Nikatoka nje nikalia nyuma ya magunia.

Dija, nisikilize. Nimewalea nyinyi wawili kwa jicho lile lile la mkaa. Rehema hakunipa tabu, hajibu, hafuki, nikamsifia kwa kila mgeni. Wewe ulifuka tangu ukiwa na meno mawili. Kwa nini hivi, kwa nini vile, sitaki, siyo haki. Nimekuchapa kwa ajili ya mdomo wako, nimekunyima kwenda harusini, siku moja nilikuambia mbele ya shangazi zako kwamba mwanaume atakayekuoa atakurudisha kabla ya mchele wa harusi kuisha. Wakacheka. Wewe hukucheka, na nilikuona. Nilikuwa nataka kukuchambua nikuuze safi. Mungu alinizuia mikono, alhamdulillahi, maana juzi ningekuwa na mabinti wawili wanaosema "haya, mama", na leo tungekuwa matangani.

Kwa hiyo huko uendako, mwalimu mkuu akikwambia jambo na kifua chako kikakataa, uliza. Akikuona mjeuri, basi ni mjeuri, umerithi kwangu. Na wale watoto utakaowafundisha, yule anayekuudhi kwa maswali usiwe na haraka naye. Sina zaidi ya hapo, mimi si shehe.

Lakini nina kazi ya kukupa, na hii si ya maneno.

Jana na leo nimezunguka Mkata nzima kuyarudisha maneno yangu. Kila niliyewahi kumwambia "hata chumbani", nimekwenda kwake nikamwambia nimekosea, jiko likae nje. Wengine walinipokea vizuri. Mmoja alinicheka, akasema Mama Rehema umezeeka unaogopa moto. Mama lishe mmoja wa Mombo nilimpigia simu, akashangaa, "Dada, unaiharibu biashara yako kwa mdomo wako mwenyewe?" Nikamwambia acha iharibike. Nilipomsimulia ya mjukuu, akasema binti yake analala na jiko chumbani siku za baridi. Akakata simu bila kuaga. Baadaye akanitumia ujumbe kwamba amelitoa.

Hao nawajua. Nisiowajua ndio wananimaliza. Kuna mzee mmoja, msimu wa baridi uliopita, alishuka kwenye basi akiwa na koti kubwa jeusi. Alisema anakwenda Lushoto kumwona mama yake mgonjwa, anataka mkaa wa kumpasha joto, kwao juu kuna ukungu mpaka adhuhuri. Nikamwekea gunia langu bora. Akauliza kama utamsumbua mgonjwa kifua. Nikamwambia, nasikia sauti yangu hadi sasa, "Baba, huu hata chumbani unawasha, funga mlango mlale." Alinishukuru kwa mikono miwili. Sikumuuliza jina wala kijiji. Sijui alifika, sijui aliwasha, sijui kama mama yake aliamka.

Wewe unakwenda huko huko. Ukipita kwenye uwanja wa mtu ukaona gunia limeshonwa kwa kamba ya bluu, piga hodi. Wasalimie Kishambaa kama unavyojua, wakikukaribisha kaa, kisha waambie aliyeshona gunia hili ni mama yangu, na amenituma niseme alikosea. Waambie jiko likae nje. Ukikuta ni nyumba ya yule mzee, niambie ukweli, hata ukiwa mchungu. Usinifiche eti kwa kunihurumia.

Na baridi yako wewe. Chumba ulichopanga umesema kina dirisha moja. Blanketi langu zito, lile la harusi yangu, nimelikunja juu ya begi lako. Usiseme ni la mama, mama joto la Mkata linamtosha. Vaa soksi, funga kitambaa kichwani, lala na maji ya moto kwenye chupa. Jiko lisivuke kizingiti. Likiwa jekundu na zuri kama jua la asubuhi, ndiyo kabisa lisivuke.

Sasa neno la gunia. Wiki iliyopita nilikushonea gunia la mkaa kama zawadi ya kuondokea, mkaa wa kuchagua, kamba ya bluu. Umeliona limesimama mlangoni na umeshamwambia kondakta akuwekee nafasi. Leo alasiri nililifungua. Nilifumua kamba yote, nikamwaga turubaini. Bibi yako akaja na fimbo yake, akasimama kunitazama nikienda kule pembeni kwenye taka zangu, nikachota mkaa mbichi kwa beseni, nikaumimina juu ya ule msafi. Nikachota tena. Nikachanganya kwa mikono yote miwili, nikarudisha na vumbi. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia siku zote nilikuwa nimerukwa, leo ndiyo zinanirudia. Aliinama kwa taabu, akaokota kipande cha kuni kilichoungua nusu, akakitumbukiza mwenyewe gunini.

Si kwamba moshi ni dawa, usije ukamwelewa mama yako vibaya. Nao una sumu ile ile. Ila huo angalau haujui kunyamaza.

Limeshonwa kwa kamba nyekundu. Utakapoliwasha litafuka, utalia machozi, na majirani wa kule juu watauliza huyu mwalimu amesema mama yake ni muuza mkaa, mbona hajui mkaa? Waache waseme. Wewe kaa uani na jiko lako, ukohoe mwanangu, ukohoe kwa nguvu, nami huku nitajua uko hai.

Mama yako,
Mama Rehema na Dija